Je, Wajua? Matairi ya Masika, Matairi ya Kiangazi, na Njia ya Masisi Hadi Walikale

Ulaya na Kanada kila mwaka watu huulizana: ninunue matairi ya mwaka mzima, au niwe na seti mbili, moja ya miezi ya joto na nyingine ya miezi ya theluji? Sisi wa Kivu Kaskazini tuna swali lililo ndugu wa hilo. Tairi gani litanipandisha Mushaki mvua ikinyesha, lisikatwe na mawe ya Goma, wala lisinitupe kwenye vumbi la Julai? Majibu yamo humu, moja baada ya jingine. Ukiweza, soma ukiwa umechuchumaa karibu na tairi lako, maana mengine utayaona kwa macho.

MAJIRA YETU NA THELUJI YA WENZETU

Je, wajua kwamba Masisi na Walikale ziko karibu mstari mmoja, kusini kidogo tu mwa Ikweta? Kinachozitenganisha ni kimo. Masisi ni milima ya malisho, sehemu nyingine zikivuka mita 2,000, na jioni watu huota moto. Walikale ni msitu mnene wa bondeni, wenye joto na unyevu mwaka mzima.

Je, wajua kwamba Masisi mwaka hugawanyika mara nne? Mvua huja Machi hadi Mei, ikarudi Septemba hadi Desemba. Kati yake kuna kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti na kifupi cha Januari na Februari. Walikale mgawanyo huo hufifia: karibu kila mwezi mvua inanyesha. Kwa hiyo dereva wa Masisi ana majira ya kuyangoja, lakini wa Walikale hana.

Je, wajua kwamba theluji ipo Kivu Kaskazini? Iko juu ya Ruwenzori, upande wa Beni, ambako kilele cha Margherita hufika mita 5,109. Hakuna gari linalofika huko. Na Karisimbi, volkano yenye mita 4,507 mpakani na Rwanda, jina lake linahusishwa na neno la Kinyarwanda *isimbi*, simbi nyeupe, kwa sababu kilele chake huamka kimevaa weupe baada ya usiku wa baridi.

Je, wajua kwamba mpaka kati ya tairi la joto na tairi la baridi ni nyuzi 7 za Selsiasi? Chini ya hapo mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa na kupoteza mshiko. Tairi la baridi limechanganywa mpira unaobaki laini, na kashata zake zimechanjwa mikato myembamba mingi ya kung'ata theluji. Barabara za Masisi, hata kukiwa na ukungu, kwa kawaida hazifiki baridi hiyo mchana.

Je, wajua kwamba tairi la kwanza la theluji lilitengenezwa Finland mwaka 1934, na lilikuwa la malori? Barabara za huko wakati wa baridi zilikuwa hazipitiki, na mizigo ilikuwa inangoja. Gari dogo lilipata lake mwaka 1936. Mwenye lori la Walikale anaweza kuielewa sababu hiyo bila kuelezwa.

Je, wajua kwamba tairi la mwaka mzima ni mtoto wa juzi? Kampuni ya Goodyear ilitoa lake, lililoitwa Tiempo, mwaka 1977 huko Marekani. Ni tairi la maafikiano: linafanya kila kazi kwa kiasi, na hakuna hata moja ambayo linaifanya kuliko mengine yote.

Je, wajua kwamba ndugu yako aliyehamia Montréal hana uhuru wa kuchagua? Sheria ya Québec inamtaka awe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Ujerumani haikuweka tarehe: hali ya barabara yenyewe, yaani barafu au theluji, ndiyo inayomlazimisha dereva. Barabara kwanza, kalenda baadaye. Hilo tulibebe hadi mwisho wa safu hii.

MAANDISHI YA UBAVUNI

Je, wajua kwamba herufi M+S ubavuni mwa tairi husimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya tope na theluji? Tope limetajwa kwanza. Lakini jihadhari: mtengenezaji huiandika mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, bila kulazimika kulijaribu tairi.

Je, wajua kwamba alama ya mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji, ndiyo inayotolewa baada ya jaribio? Na jaribio hilo hufanywa juu ya theluji. Halisemi lolote kuhusu udongo wa mfinyanzi.

Je, wajua kwamba hapo ndipo wengi wetu hunaswa? Matairi yaliyotumika Ulaya huletwa Afrika kwa wingi, na miongoni mwake yamo ya baridi. Mnunuzi huona mlima umechorwa, huona mikato mingi, husema: hili ni la milima yetu. Kumbe mpira wake ni laini mno kwa lami yenye jua, unaisha upesi, na ile mikato myembamba hujaa udongo kabla hujamaliza kona ya pili. Ukiuona mlima huo sokoni, kumbuka ni mlima wa nchi nyingine.

Je, wajua kwamba tairi lina cheti cha kuzaliwa? Tafuta neno DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini: hukauka na kupasuka nyufa ndogo. Tairi lenye kashata ndefu na umri mkubwa ni kama kamba nene iliyooza.

Je, wajua kwamba ndani ya mifereji ya tairi kuna vibonge vidogo vya mpira vinavyoonyesha lini limekwisha? Vina kimo cha milimita 1.6, kiwango cha chini cha sheria Ulaya. Kashata zikilingana navyo, tairi ni kipara. Kwa maji barabarani, wataalamu wengi hushauri usisubiri hapo. Milimita 3 ni onyo tosha. Kwa tope, onyo huja mapema zaidi.

Je, wajua kusoma 195/65 R15 91? Upana ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni nyuzi za ndani zilizopangwa kama miale. Rimu ni inchi 15. Namba 91 ni mzigo: kilo 615 kwa tairi moja. Namba hiyo ya mwisho ndiyo isiyosomwa kabisa kwetu, na ndiyo inayopasua matairi.

Je, wajua kwamba 3.00-17 kwenye pikipiki ni inchi 3 za upana na inchi 17 za rimu? Na kwamba mshale mdogo ubavuni unaonyesha upande wa kuzunguka? Ukilifunga kinyume, kashata zilizochorwa kusukuma maji nje huyaingiza ndani.

MPIRA WENYEWE

Je, wajua kwamba fundi wa pancha wa kando ya njia anaifufua sayansi ya mwaka 1839 kila asubuhi? Mwaka huo Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa ukipata moto hukaza, ukawa haulainiki kwa jua wala kupasuka kwa baridi. Sasa mtazame kwado wetu. Anausugua mpira wa ndani kwa kipande cha msasa, anabandika kiraka, anakibana kwa chuma, na juu yake anasimamisha pistoni iliyotoka kwenye injini iliyokufa. Anamimina petroli kidogo ndani ya pistoni, anawasha. Moto unawaka kama kikombe cha mwanga, abiria wanauzunguka kwa sababu ya baridi, na ukizimika kiraka kimeshikana na mpira kuwa kitu kimoja. Ustadi wake ni kujua lini moto umetosha. Akizidisha, ameunguza.

Je, wajua kwamba tairi lenye upepo liliiletea Kongo msiba? John Boyd Dunlop alilitengeneza Belfast kwa baiskeli ya mwanawe, akapata hataza mwaka 1888. Dunia ikataka mpira. Kongo ilikuwa mali ya mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, na misitu ya ikweta ilikuwa na mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira. Wanakijiji walilazimishwa kuukinga. Waliopungukiwa kilo walichapwa, wake zao walifungwa mateka, na wengi walikatwa mikono. Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri mtoni akisikiliza mashahidi, na ripoti yake ilitoka 1904. Kabla hatujajadili tairi la bei gani, yatupasa kujua mpira ule wa kwanza ulilipiwa na nani.

Je, wajua kwamba mpira wa leo hautoki tena kwenye mimea ile? Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazili mbegu zipatazo 70,000 za mti wa hevea, na mashamba ya Asia yakazaliwa kutokana nazo. Sehemu kubwa ya mpira wa asili duniani bado huishia kwenye matairi.

Je, wajua kwamba mpira wa matairi ya mwanzo haukuwa mweusi? Ulikuwa na weupe. Weusi ulikuja na masizi maalumu ya kaboni, yaliyoongeza nguvu na maisha ya tairi mara nyingi.

Je, wajua kwamba ndani ya ukingo wa tairi, pale linapoishika rimu, kuna nyaya za chuma zilizopakwa shaba iliyochanganywa na bati? Bati hutoka kwenye kasiterite, jiwe ambalo Walikale inajulikana nalo duniani. Tairi na madini vinafahamiana kuliko tunavyodhani.

Je, wajua kwamba tairi likifa huku kwetu huzaliwa tena? Kenya hugeuka viatu vya akala, Uganda lugabire. Kivu Kaskazini hugeuka kiatu cha chukudu.

MLIMANI

Je, wajua kwamba chukudu ni gari la mbao lenye matairi ya kweli? Gurudumu huchongwa kwenye mti mgumu, kisha mwenyewe hukata ukanda kutoka tairi kuukuu la gari na kuuzungushia kwa misumari, meno yakitazama nje. Kipande kingine huning'inia juu ya gurudumu la nyuma: ndiyo breki, hukanyagwa kwa mguu wakati wa kuteremka. Mkanda ukiisha, unatolewa, unapigiliwa mwingine. Kwa gari hilo vijana hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao hadi Goma, na mji ukawasimamishia sanamu yenye rangi ya dhahabu. Wanastahili.

Je, wajua kwamba safari ya Goma hadi Masisi, yapata kilomita 80, hukupitisha kwenye ardhi ambazo haziombi tairi moja? Goma kuna mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyomwaga moto mjini Januari 2002 na kurudi Mei 2021. Mawe hayo yana makali ya kukata ubavu. Baada ya Sake unaanza kupanda kuelekea Mushaki, na udongo huwa wa mfinyanzi. Jua likiwaka ni mgumu kama tofali. Ikinyesha nusu saa ni sabuni.

Je, wajua kwamba tairi jipya linaweza kuwa kipara kwa dakika tano? Udongo unaonata hujaza mifereji yote, na kinachogusa njia ni tope juu ya tope. Tairi la tope lina meno marefu yaliyoachana mbali ili udongo udondoke linapozunguka. Ndiyo maana umbali kati ya meno una thamani kuliko wingi wake.

Je, wajua kwa nini motari, dereva wa pikipiki ya abiria, husimama chini ya mlima akachuchumaa? Mtazame mvua ikiwa imekatika sasa hivi. Anachukua kijiti, anabonyeza ulimi wa vali ya tairi la nyuma, upepo unatoka *sss*, anahesabu kimoyomoyo, anaacha. Analiminya tairi kwa kidole gumba. Tairi lililolegea kidogo hutanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, basi linashika. Anamwambia abiria, “Mama, shuka kidogo, tutaonana juu.” Mama anavua viatu, anapanda kwa miguu akiwa ameshika pembe ya furushi lake. Juu, motari mwema anatafuta pampu kabla ya kitu kingine chochote.

Je, wajua kwa nini pampu hiyo ni lazima? Tairi lililolegea likifika kwenye mawe huminywa hadi rimu ikakata mpira. La pikipiki, lenye mpira wa ndani, huweza hata kuzunguka juu ya rimu na kung'oa vali. Upepo hupunguzwa kwa tope na kurudishwa kwa jiwe.

Je, wajua kwamba baridi nayo hula upepo? Joto likishuka kwa nyuzi 10, tairi la gari hupoteza takriban bari 0.1. Aliyejaza mchana wa joto Walikale, akalala kwenye vilima vya Masisi, ataamka na tairi pungufu bila pancha yoyote. Pima asubuhi, tairi likiwa halijatembea.

Je, wajua kwamba kwenye gari matairi mawili yaliyo bora yanafaa kukaa nyuma? Ya mbele yakiteleza, dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka lenyewe, na barabara ya Masisi ina bonde upande mmoja.

MSITUNI

Je, wajua kwamba Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini? Ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Barabara ya Taifa namba 3, ya Bukavu hadi Kisangani, hupita humo ikiufuata msitu.

Je, wajua kwamba ndege zilikuwa zikitua barabarani huko? Kilambo, kwenye kipande cha lami cha barabara hiyo, ndege ndogo zilishuka, zikapakia kasiterite na kupaa kuelekea Goma. Magari na pikipiki yalikaa pembeni kungoja. Njia ya ardhini ilipokuwa ngumu, tairi la ndege lilifanya kazi ya tairi la lori.

Je, wajua kwamba hata hiyo isingewezekana bila miguu ya watu? Kabla gari halijafika mgodi wa kasiterite wa Bisie, wabebaji waliuvuka msitu kwa mwendo wa siku mbili, kila mmoja na gunia la kilo zipatazo 50 mgongoni. Wengi bado wako hai, na magoti yao yanaikumbuka njia ile.

Je, wajua kwamba madini ya Rubaya, huko Masisi, huenda yapo kwenye breki za gari linalosimama salama juu ya theluji? Koltani hutoa tantali, na tantali hutumika kwenye vipuri vidogo vya kielektroniki, vikiwemo vya mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge. Mchimbaji wa Rubaya anashuka kwa pikipiki yenye tairi kipara. Hatupaswi kulizoea hilo.

Je, wajua kwamba Kongo inayo desturi yake ya majira, ya tangu enzi za ukoloni? Ni kizuizi cha mvua: mti hulazwa njiani ikinyesha, na magari mazito hungoja saa kadhaa ardhi ikauke. Kizuizi cha kweli huikinga barabara na mifereji ya magurudumu. Lori moja lisilotaka kungoja huchimba handaki ambalo kijiji kizima kitalifukia kwa salongo, kazi ya pamoja.

Je, wajua kwamba minyororo ya kufunga kwenye matairi ilipata hataza Marekani mwaka 1904, mikononi mwa Harry Weed? Aliibuni kwa theluji na tope. Ifunge kabla ya kuzama, na uitoe ukifika penye jiwe, maana huila njia na tairi pamoja.

BASI UCHAGUE LIPI?

Gari dogo lisilotoka Goma: tairi la kawaida, jipya iwezekanavyo, ubavu mgumu. La theluji liache.

Jipu la Goma hadi Masisi: tafuta alama A/T, tairi la njia zote. Ndilo ndugu wa tairi la mwaka mzima: linavumilia mawe, linapanda tope la kiasi, halikutupi kwenye lami yenye maji.

Jipu linaloishi Walikale: M/T, tairi la tope. Kwenye lami lina kelele, linaisha haraka, na breki yake penye maji ni dhaifu. Lakini huko lami ni chache, na tope haliendi likizo.

Pikipiki: la nyuma liwe la meno marefu, maana ndilo linalosukuma. La mbele liwe na kashata nzima siku zote, maana ndilo linaloongoza.

Seti mbili? Zinamfaa anayeshinda kwenye lami miezi ya kiangazi na kwenye udongo miezi ya mvua, na mwenye mahali pa kuzihifadhi mbali na jua. Wengine, pesa ya seti ya pili inunue kipima upepo, pampu, na seti moja isiyo ya mtumba.

Je, wajua, mwishowe, kwamba tairi la gari hugusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono? Viganja vinne vinaibeba familia nzima na magunia yake. Pikipiki ina viwili tu, vyembamba zaidi: juu yake kuna motari, mama aliyevua viatu akapanda mlima, na mtoto mgongoni. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, weka kiganja chako juu ya tairi, uyapapase meno yake. Kama hayakukwaruzi mkono, na njia hayataishika.